Kingamwili za Mama na Chanjo za Mtoto Mchanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mzazi anayeshika kadi ya kliniki kwa mara ya kwanza hukuta mpangilio wa tarehe ambao mantiki yake haionekani kwa urahisi: chanjo nyingine hutolewa siku ya kuzaliwa, nyingine wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na surua husubiri mpaka mwezi wa 9. Sehemu kubwa ya mpangilio huo inatokana na jambo ambalo halikuandikwa popote kwenye kadi, nalo ni kinga ambayo mtoto amezaliwa nayo kutoka kwa mama yake. Majibu yafuatayo yamekusudiwa wazazi, pamoja na wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii wanaoulizwa maswali haya kila siku ya kliniki. Hayachukui nafasi ya ushauri wa mhudumu anayemwona mtoto mwenyewe.

Kingamwili za mama ni nini, na mtoto huzipata kwa njia gani?

Kingamwili ni protini ambazo mwili hutengeneza baada ya kukutana na kimelea au chanjo, na kila moja hutambua sehemu mahususi ya kimelea na kunasa hapo. Mama aliyewahi kuugua surua, au aliyechanjwa dhidi ya pepopunda, hubaki na kingamwili hizo katika damu yake kwa miaka mingi. Wakati wa ujauzito kondo la nyuma huzichukua zile za aina ya G kwa kutumia kipokezi maalumu na kuzivusha hadi katika damu ya mtoto. Kazi hiyo huanza taratibu baada ya mwezi wa tatu na kushika kasi katika miezi mitatu ya mwisho, kiasi kwamba mtoto anayezaliwa kwa wakati mara nyingi huwa na kiwango kinacholingana na cha mama au hata kukizidi. Jambo hili si ugunduzi wa juzi: Paul Ehrlich alilionyesha kwa panya mwaka 1892, miongo mingi kabla ya mtu yeyote kujua kingamwili zina umbo gani.

Njia ya pili ni maziwa. Dang'a, yaani yale maziwa mazito ya njano ya siku za mwanzo, yana wingi wa kingamwili za aina ya A, ambazo hufunika utando wa kinywa, koo na utumbo wa mtoto na kuzuia vimelea visipenye. Kwa binadamu, kingamwili za maziwa haziingii katika damu ya mtoto kwa kiasi kikubwa. Wafugaji watatambua kwamba kwa ng'ombe mambo ni kinyume kabisa: kondo lake halivushi kingamwili, na ndama asiyenyonya dang'a katika saa za mwanzo hukosa kinga hiyo hata katika damu.

Kinga hiyo hudumu kwa muda gani?

Hakuna jibu moja, kwa sababu muda unategemea mama alikuwa na kiasi gani, ugonjwa gani unazungumziwa, na mtoto alizaliwa akiwa na umri gani wa mimba. Kanuni ya jumla ni kwamba kiwango katika damu ya mtoto hupungua kwa nusu takribani kila mwezi, maana mtoto hapokei nyingine tena kupitia kondo. Aliyeanza na sehemu 64 atakuwa na 32 baada ya mwezi mmoja, 16 baada ya miwili, na baada ya miezi sita amebakiwa na sehemu moja tu.

Hesabu hii ina matokeo ambayo wengi hawayategemei. Mama mwenye kingamwili mara mbili ya jirani yake hampi mtoto wake ulinzi wa muda mara mbili. Anampa takribani mwezi mmoja zaidi. Ndiyo maana watoto wa mtaa mmoja hawatofautiani kwa miaka katika suala hili, ila kwa wiki na miezi, na ndiyo maana inawezekana kupanga ratiba moja ya taifa zima ingawa hakuna mama wawili walio sawa.

Kama kingamwili hizo zinamlinda mtoto, kwa nini inasemekana zinaingilia chanjo?

Kwa sababu hazitofautishi kati ya kimelea na chanjo inayofanana nacho. Zinafanya kazi yake ileile, na katika kuifanya hupunguza nafasi ya mwili wa mtoto kujitengenezea za kwake. Wanasayansi wameeleza njia kadhaa ambazo huenda zote zinahusika kwa viwango tofauti.

Chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua, zinahitaji virusi hivyo vizaliane kidogo mwilini ili viamshe kinga. Kingamwili za mama zikivinasa mapema, havizaliani, na chanjo inakuwa kama haikutolewa. Kwa chanjo zisizo na virusi hai, kingamwili hufunika zile sehemu za antijeni, yaani kile kitu cha kimelea kilichomo kwenye chanjo, ambazo seli B za mtoto (seli zinazotengeneza kingamwili) zilipaswa kuzitambua. Vilevile antijeni iliyofunikwa humezwa haraka na seli zinazosafisha damu, hivyo haikai vya kutosha. Njia nyingine ni ya hila zaidi: kingamwili iliyonasa antijeni hushika kwa mkia wake kipokezi kilichopo juu ya seli B, na kipokezi hicho huipa seli amri ya kutulia badala ya kuzaliana.

Seli T, ambazo ni kundi jingine la seli za kinga, kwa upande wake haziathiriki sana. Hizi husoma vipande vya antijeni baada ya kumezwa na kuvunjwavunjwa, kwa hiyo kufunikwa kwake hakuzizuii. Tofauti hii kati ya seli B na seli T ndiyo inayoeleza mengi katika majibu yanayofuata.

Je, athari hiyo imepimwa kwa watoto, au ni nadharia ya maabara?

Imepimwa. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulikusanya takwimu za watoto 7,630 kutoka nchi 17, na ukakuta kwamba kati ya antijeni 21 zilizochunguzwa, 20 zilipata mwitikio mdogo zaidi pale mtoto alipokuwa na kingamwili nyingi za mama. Kila kingamwili za mama zilipoongezeka mara mbili, zile ambazo mtoto alijitengenezea baada ya chanjo zilipungua kwa asilimia 13 kwa pepopunda, asilimia 24 kwa dondakoo, na asilimia 20 hadi 28 kwa chanjo ya polio ya sindano. Kuchelewesha dozi ya kwanza kwa kati ya wiki 2 na 5 kungetosha kufidia ongezeko hilo la mara mbili, jambo linalopatana vizuri na ile hesabu ya nusu kila mwezi.

Mtu anaweza kuzisoma takwimu hizi na kushtuka, na naona ni vizuri kusema mapema kwa nini hapaswi. Kilichopimwa ni wingi wa kingamwili katika damu, si idadi ya watoto waliougua. Mtoto ambaye kingamwili zake zimepungua kwa asilimia 13 kwa kawaida bado yuko mbali juu ya kiwango kinachohitajika kumlinda na pepopunda.

Ina maana dozi za wiki ya 6 hazina kazi?

Hapana. Hata pale kingamwili zinapopungua, dozi za mwanzo huwa zimeshaandaa seli T na kuacha seli B kadhaa zenye kumbukumbu, ambazo huitikia dozi inayofuata kwa nguvu zaidi. Hii ni sababu mojawapo ya penta, yaani chanjo moja ya magonjwa matano yakiwemo kifaduro na pepopunda, kutolewa mara tatu, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, badala ya mara moja. Kila dozi hukuta kingamwili za mama zimepungua zaidi na kinga ya mtoto imekomaa zaidi kuliko iliyotangulia.

Ratiba hiyo ya wiki 6, 10 na 14 ni ya mapema kuliko ya nchi nyingi tajiri, ambako watoto huanza miezi miwili. Waliopanga walijua kwamba kwa kungoja kidogo wangepata kingamwili nyingi zaidi kwa kila mtoto. Walichagua kuanza mapema kwa sababu kifaduro huua hasa watoto wa miezi ya mwanzo, na kinga ya wastani iliyopo wakati ugonjwa unapobisha hodi ina thamani kuliko kinga bora itakayokuja baadaye.

Kwa nini basi BCG na homa ya ini B zinaweza kutolewa siku ya kuzaliwa?

BCG, inayomlinda mtoto hasa na aina kali za kifua kikuu kama ile inayoshambulia utando wa ubongo, hufanya kazi kwa kupitia seli T, na kingamwili za mama haziizuii kwa kiasi cha kujali. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu mwaka 2009 itolewe kwa kila mtoto ndani ya saa 24 za kwanza, ina antijeni nyingi iliyochanganywa na chumvi ya aluminiamu ya kuchochea kinga, na kwa hiyo hushinda sehemu kubwa ya kizuizi. Ushahidi mzuri ni watoto wa mama wenye maambukizi ya homa ya ini B: katika nchi zenye uwezo huchomwa siku hiyohiyo kingamwili zilizotengenezwa tayari kwenye paja moja na chanjo kwenye paja la pili, na chanjo hushika.

Kwa nini chanjo ya surua husubiri miezi 9?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na ndilo lenye historia ndefu zaidi.

Chanjo ya surua ni virusi hai katika kichupa, na kiasi kinachochomwa ni kidogo sana. Kingamwili chache za mama zinatosha kukiua. Hatari ni kwamba kiwango kinachotosha kuua virusi dhaifu vya chanjo ni kidogo kuliko kile kinachohitajika kumkinga mtoto na surua yenyewe. Kwa hiyo kila mtoto hupitia kipindi ambacho kinga ya mama haimlindi tena ilhali bado inaharibu chanjo. Anayechanja mapema anapoteza dozi kwa watoto wengi. Anayechelewa anawaacha wazi. Hakuna umri usio na gharama.

Kila nchi imelazimika kuchagua mahali pa kuukata muda huo. Marekani ilipoidhinisha chanjo ya surua mwaka 1963, ilipendekeza miezi 9. Mwaka 1965 ilisogeza hadi 12, na mwaka 1976 hadi 15, kila mara baada ya kuonekana kwamba waliochanjwa mapema hawakushika kinga vya kutosha. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu surua ilikuwa imeanza kupungua huko na mtoto wa miezi 10 hakuwa na uwezekano mkubwa wa kukutana nayo. Afrika Mashariki ya miaka hiyo ilikuwa na hali tofauti kabisa. Watoto wengi waliugua kabla ya kutimiza mwaka, na vifo vilikuwa vingi. Utafiti uliofanywa Kenya na Wizara ya Afya kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, na kuchapishwa mwaka 1977, ulipima hasa jambo hili: ni umri gani ambao wengi wa watoto wameshapoteza kinga ya mama na bado wengi hawajaugua. Matokeo yake yalichangia kuufanya mwezi wa 9 uwe umri wa kawaida wa chanjo hiyo katika nchi zinazoendelea, na umri huo unatumika mpaka leo.

Bei ya uamuzi huo inajulikana. Takribani asilimia 85 ya watoto hushika kinga wakichanjwa miezi 9, dhidi ya takribani asilimia 95 wakichanjwa miezi 12. Wale 15 katika kila 100 wanaobaki ndio sababu kuu ya dozi ya pili, ambayo Tanzania na Kenya huitoa miezi 18. Dozi ya pili ya surua si ya kukumbusha kama wengi wanavyodhani. Ni nafasi ya pili kwa mtoto ambaye ya kwanza haikumshika, mara nyingi kwa sababu ya kingamwili za mama. Kwa kuwa hakuna anayeweza kujua kwa macho ni mtoto yupi, wote wanarudi. Wazazi wengi hukoma kwenda kliniki baada ya miezi 9 kwa kuamini kazi imekwisha, na nadhani maelezo haya, yakitolewa kwa sentensi mbili tu mezani pa muuguzi, yangewarudisha baadhi yao.

Je, haiwezekani kutengeneza chanjo kali zaidi itakayoshinda kingamwili za mama?

Ilijaribiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilionekana kwamba chanjo ya surua yenye virusi vingi zaidi ya kawaida, hasa ya aina iitwayo Edmonston-Zagreb, iliweza kushika hata kwa watoto wa miezi 6 au chini yake. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa nchi ambako surua iliua watoto wengi kabla ya miezi 9. Kisha watafiti waliowafuatilia watoto nchini Senegal, Guinea-Bissau na Haiti wakaona jambo ambalo halikutarajiwa: wasichana waliopata chanjo hiyo kali walikufa zaidi, miezi na miaka baadaye, kuliko waliopata ya kawaida, ingawa hawakufa kwa surua. Pendekezo likaondolewa mwaka 1992, na chanjo zinazotumika leo ni za nguvu ya kawaida.

Kisa hiki hutajwa mara chache, pengine kwa hofu ya kuwatisha watu. Kwa maoni yangu kinapaswa kutajwa zaidi, kwa sababu kinaonyesha kwamba kingamwili nzuri katika kipimo cha damu si jambo pekee la kuangaliwa, na kwamba ufuatiliaji uliifikia hatari hiyo na pendekezo likabadilishwa.

Nimeambiwa mtoto wangu achanjwe surua akiwa na miezi 6. Je, mhudumu amekosea?

La. Dozi ya miezi 6 hutolewa katika mazingira maalumu: wakati wa mlipuko wa surua, katika kambi za wakimbizi, na kwa mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU. Katika hali hizo hatari ya kuugua kabla ya miezi 9 ni kubwa kiasi kwamba dozi itakayoshika kwa sehemu tu ya watoto ina faida. Dozi hiyo huitwa ya sifuri kwa maana kwamba haihesabiwi. Mtoto atarudi miezi 9 na tena kwa dozi ya pili kama wenzake, na mzazi asikubali kuambiwa kwamba amekwisha kupata.

Niliugua surua utotoni, dada yangu alichanjwa. Je, watoto wetu wako sawa?

Si sawa kabisa. Ugonjwa wenyewe huacha kingamwili nyingi kuliko chanjo, na anayeishi mahali pasipo na surua tena hapati kukutana na virusi vya kuamsha kinga yake upya. Utafiti uliofanywa Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba nusu ya watoto wa mama waliochanjwa walikuwa wamepoteza kinga ya surua baada ya takribani mwezi mmoja tu, wakati watoto wa mama waliougua walifika karibu miezi minne.

Jambo hili linaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Wasichana waliochanjwa kwa wingi tangu miaka ya 1980 ndio mama wa leo, na watoto wao wanazaliwa na akiba ndogo kuliko ile iliyopimwa Kenya katika miaka ya 1970. Kwa upande mmoja wanabaki wazi kwa muda mrefu zaidi kabla ya miezi 9. Kwa upande mwingine chanjo ya miezi 9 ina nafasi nzuri zaidi ya kushika. Mjadala wa kuushusha umri huo chini ya miezi 9 unaendelea kati ya wataalamu, na kinachowazuia ni wasiwasi kwamba watoto wanaochanjwa mapema mno hubaki na kingamwili chache hata baada ya dozi za baadaye. Haifuati hata kidogo kwamba ingekuwa heri mama waugue. Surua iliua mamilioni ili waliobaki wawe na kingamwili nyingi.

Kwa nini sindano ya polio haitolewi wiki ya 6 pamoja na matone?

Kwa sababu, kama takwimu za hapo juu zinavyoonyesha, chanjo ya polio ya sindano ndiyo inayoathiriwa zaidi na kingamwili za mama. Shirika la Afya Duniani lilipozishauri nchi zinazotumia matone ziongeze dozi moja ya sindano, lilichagua wiki ya 14 kwa makusudi, kwani kufikia hapo kingamwili hizo zimepungua na mtoto huitikia vizuri zaidi. Dozi ya pili ya sindano hufuata angalau miezi minne baadaye.

Je, nisimamishe kunyonyesha kabla ya matone ya rota?

Usisimamishe. Wazo hilo lina asili ya kueleweka: chanjo ya rota, inayokinga kuhara, ni virusi hai vinavyopita mdomoni, na maziwa ya mama yana kingamwili zinazoweza kuvidhoofisha. Tena inajulikana kwamba chanjo hiyo hufanya kazi kidogo zaidi katika nchi maskini. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2010, iliwakinga watoto wa Afrika Kusini na kuhara kukali kwa rota kwa takribani asilimia 77, lakini wa Malawi kwa asilimia 49. Watafiti wa Afrika Kusini na Pakistan wakajaribu kuwazuia watoto wasinyonye kwa saa moja kabla na saa moja baada ya matone. Hawakuona faida. Kuna sababu nyingine zinazodhaniwa kuchangia, zikiwemo kingamwili za mama zilizopita kwenye kondo, vimelea vilivyojaa utumboni, na lishe duni. Mnyonyeshe mtoto kama kawaida, hata palepale kliniki ikiwa analia.

Mimi ni mjamzito. Nikichanjwa sasa, si nitaharibu chanjo za mwanangu?

Faida ni kubwa kuliko hasara, na kwa pepopunda hakuna mjadala. Mwaka 1988 pepopunda ya watoto wachanga ilikadiriwa kuua watoto 787,000 duniani; kufikia mwaka 2018 makadirio yalikuwa yameshuka hadi takribani 25,000. Kilicholeta mabadiliko hayo ni usafi wa uzazi na wa kitovu, pamoja na kuwachanja wanawake, kwa sababu mtoto anayeambukizwa kwa kitovu katika wiki ya kwanza hawezi kungoja chanjo ya wiki ya 6. Uganda ilithibitishwa mwaka 2011 kuwa imefikia kiwango cha kutokomeza ugonjwa huo, yaani chini ya mtoto mmoja kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai katika kila wilaya, na Tanzania mwaka 2012. Kiwango hicho hushikiliwa na sindano ile ile ambayo kina mama huichukulia kama desturi tu ya kliniki.

Kwa kifaduro mambo yana utata kidogo zaidi. Uingereza ilianza kuwachanja wajawazito Oktoba 2012 baada ya mlipuko ulioua watoto wachanga, na ikaonekana kwamba kinga hiyo iliwalinda watoto wa chini ya miezi mitatu kwa takribani asilimia 91. Baadaye, vipimo vya damu vilionyesha kwamba watoto hao walitengeneza kingamwili chache zaidi dhidi ya kifaduro, na hata dhidi ya baadhi ya aina za bakteria wa nimonia, kwa kuwa chanjo ya nimonia imefungamanishwa na protini inayofanana na ile sumu ya dondakoo iliyoondolewa makali ambayo imo katika chanjo ya mama. Hata hivyo kupungua huko hakujaonekana kuwafanya waugue zaidi. Katika vituo vingi vya umma vya Afrika Mashariki sindano ya mjamzito ina pepopunda na dondakoo bila kifaduro, kwa hiyo kwa wasomaji wengi wa hapa swali hili bado ni la mbeleni.

Je, haya yanahusiana na chanjo ya malaria?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilifanyiwa majaribio makubwa kati ya mwaka 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania, na Kilifi na Siaya nchini Kenya. Matumaini yalikuwa kwamba ingeunganishwa na ratiba ya wiki 6, 10 na 14 ili kuwaondolea wazazi safari za ziada. Haikuwa hivyo. Kwa waliopata dozi zote nne, watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 walipata kinga ya takribani asilimia 36 katika kipindi chote cha ufuatiliaji, na walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12 asilimia 26.

Kingamwili za mama dhidi ya malaria zinatajwa miongoni mwa sababu, pamoja na uchanga wa kinga ya mtoto na kuchomwa chanjo nyingine siku hiyohiyo. Chanjo za malaria hutolewa kuanzia mwezi wa 5, na Kenya iliweka dozi ya kwanza mwezi wa 6.

Mwanangu ni njiti. Je, aanze chanjo akishakua?

Aanze kwa kuhesabu siku tangu azaliwe, bila kutoa zile wiki alizowahi, isipokuwa daktari aseme vinginevyo kwa sababu ya hali au uzito wake. Kwa kuwa kingamwili nyingi huvushwa katika wiki za mwisho za mimba, njiti amezaliwa kabla ya kupokea fungu lake kubwa. Kingamwili za mama haziizuii chanjo yake sana, na kwa sababu hiyohiyo hazimlindi kwa muda mrefu.

Mama akiwa na VVU au malaria, kinga inayovuka hubadilika?

Hupungua. Malaria inayojificha katika kondo la nyuma, na maambukizi ya VVU, yote mawili hupunguza uvushaji wa kingamwili, kwa hiyo mtoto anaweza kuzaliwa na akiba ndogo hata kama damu ya mama ina kingamwili za kutosha. Dawa za kupunguza makali ya VVU, dawa za vipindi za kukinga malaria kwa mjamzito, na chandarua chenye dawa kwa hiyo humfaidi mtoto kwa njia ambayo haizungumzwi sana.

Mtoto wangu aliongezewa damu kwa sababu ya malaria kali. Je, chanjo ya surua itashika vilevile?

Damu ya mtu mzima ina kingamwili za mtu mzima, na zinaweza kuikwaza chanjo ya surua kama zile za mama. Miongozo ya Marekani hutaka kungoja kati ya miezi 3 na 11 kutegemeana na aina ya damu au kingamwili alizopewa mtoto, lakini imeandikwa kwa nchi ambako surua ni nadra. Mweleze mhudumu tarehe ya kuongezewa damu na umwachie apime uzito wa hatari. Penye mlipuko, kungoja kunaweza kuwa kosa.

Je, nipime damu ya mtoto ili nijue kingamwili zangu zimekwisha lini?

Kwa mtoto mwenye afya hakuna haja. Kipimo cha kawaida hakitenganishi kingamwili za mama na zile alizojitengenezea mtoto, na kiwango kidogo kinachoweza kuharibu chanjo ya surua kinaweza kuwa chini ya kile ambacho maabara nyingi huweza kukiona. Majibu ya "hana" yasingekuhakikishia kwamba hana.

Tulisafiri kijijini na mtoto akapitisha tarehe mbili. Je, aanze upya?

Haanzi upya. Ataendelea kutoka pale alipoishia, na dozi alizokwisha kupata zinahesabiwa, kwa sababu seli zenye kumbukumbu hazifutiki kwa kucheleweshwa. Kwa upande wa kingamwili za mama, mtoto aliyechelewa huenda akaitikia dozi inayofuata vizuri zaidi kuliko angeitikia kwa wakati, ila wiki hizo zote amekaa bila kinga ya mama ya kutosha na bila ya kwake. Mpeleke siku ya kliniki iliyo karibu zaidi ukiwa na kadi yake. Baadhi ya chanjo, hasa ya rota, zina ukomo wa umri, na mhudumu ataangalia kwenye kadi ipi bado inawezekana.